Mungu, Usimwachie Hiari Yake

Kwenye mikutano ya injili hapa Dodoma kuna maneno utakayoyasikia karibu kila usiku wa mwisho, kwaya ikishaanza kuimba polepole na mpiga kinanda ameshapewa ishara apunguze sauti: "Mungu amemaliza sehemu yake, sasa imebaki yako." Watu wanainuka kwenye viti vya plastiki na kusogea mbele, wengine wanalia. Watoto wanawafuata kwa sababu mbele kuna taa.

Mimi huwa nyuma ya jukwaa, penye turubai la maombezi. Humo wamo akina mama walioanza kuomba tangu alasiri, kanga zimefungwa kiunoni, sauti zao zikishindana na jenereta. Ukiwasikiliza, hawana habari ya sehemu mbili. "Bwana, wavute. Bwana, vunja mioyo migumu. Bwana, yule kijana wa shati jekundu asitoke hapa kama alivyokuja." Yaani dakika ileile mhubiri anamkabidhi mtu uamuzi wote, na hatua chache nyuma yake akina mama wanamsihi Mungu auingilie uamuzi huohuo.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na msimamo wangu nautoa mapema ili mtu asisome mpaka chini akiutafuta: katika habari ya neema ya Mungu na hiari ya mwanadamu, akina mama wa turubai wanaamini vizuri kuliko jukwaa. Na mhubiri mwenyewe, akishashuka na kuanza kumwombea mdogo wake ambaye hajaokoka, anaomba kama wao.

Baada ya maombi kazi yangu ni ushauri. Napewa kalamu na kadi: jina, simu, mtaa, kanisa unalosali kama lipo, halafu visanduku vitatu vya kuweka vema. Nimeamua kumpokea Yesu. Nimerudi kwa Bwana. Nahitaji maombi. Siku moja alinijia kijana wa bodaboda, helmeti bado mkononi, nikamuuliza amekuja kwa lipi. "Sijui, kaka. Nilikuwa napita tu barabarani, nimeshtukia niko hapa." Kadi haina kisanduku cha mtu wa namna hiyo. Nikamwekea vema kwenye "nimeamua", maana kadi sharti irudi kwa katibu ikiwa imejazwa.

Hoja ya kupima imani kwa sala si yangu, na ni ya Kiafrika. Nasema hivyo kwa sababu kila mjadala wa uteule, yaani Mungu kuwachagua watakaookoka, unapozuka kwenye kundi letu la WhatsApp, hakosi mtu wa kuandika kwamba hayo ni mafundisho ya Wazungu. Augustino alizaliwa Thagaste, mji ulioko leo Algeria, mwaka 354, akawa askofu wa Hipo kwenye pwani ya nchi hiyohiyo. Uzeeni mwake, miaka ya 420, alimwandikia mtu wa Karthago, mji ulioko leo Tunisia, aitwaye Vitalis, ambaye alikuwa akifundisha kwamba kuamini ni kazi yetu wenyewe, Mungu hahusiki mpaka tumeshaamini. Augustino hakuanza na falsafa. Alimuuliza: ukimsikia kuhani madhabahuni akiwahimiza watu wawaombee wasioamini ili Mungu awageuze, utanyamaza bila kusema Amina? Kama kuamini ni kwao wenyewe, unamwomba Mungu nini? Waombe wao.

Prosper wa Aquitaine, mlei aliyemtetea Augustino huko Gaul, Ufaransa ya leo, akaigeuza hoja hiyo kuwa kanuni: jinsi Kanisa linavyoomba ndivyo inavyotufunza jinsi ya kuamini. Nenda ibada ya Ijumaa Kuu kwa Wakatoliki usikilize maombi yale marefu ya kuwaombea wasiomwamini Kristo na wasiomwamini Mungu. Sisi Waanglikana tunayo sala ya siku hiyohiyo kwenye Kitabu cha Sala cha 1662, inayomwomba Mungu awaondolee watu ujinga na ugumu wa moyo. Sikiliza vizuri: awaondolee. Hatumwombi asubiri mpaka wauondoe.

Aliyeanzisha zogo lote ni Pelagius, na hapa naomba tuwe na haki. Siku hizi jina lake ni tusi. Lakini mtu mwenyewe angekaa Dodoma wiki moja tu, wazee wa kanisa wangempenda. Alitoka Uingereza akaishi Roma, mtu mkali kwa nafsi yake, akawaona Wakristo wa mjini wanaishi ovyo huku wakisingizia udhaifu wa mwili. Siku moja askofu mmoja alinukuu mbele yake sala ya Augustino, "Toa unachoagiza, kisha agiza utakacho," na Pelagius hakuweza kuvumilia. Kwake hiyo ilikuwa njia ya kukimbia wajibu. Mungu haagizi lisilowezekana. Ameagiza, basi tunaweza.

Na sisi je? Mtu anakula hela ya kikundi, akibanwa anasema shetani alimpitia. Kijana anampa binti wa watu mimba, shetani alimpitia. Kwa jinsi tunavyomtaja, shetani wa Dodoma hana hata siku ya mapumziko. Baada ya kukaa vikao vya aina hiyo, nikisoma Pelagius anasema mtu ana hiari na atahukumiwa kwa hiari yake, nusu ya moyo wangu inaitikia Amina. Kumbukumbu la Torati 30:19 inaitikia pia: "basi chagua uzima, ili uwe hai, wewe na uzao wako." Asiyeweza kuchagua haambiwi chagua.

Ila Pelagius alipomaliza, neema ilikuwa imebaki kuwa nini? Sheria nzuri, mfano mzuri wa Kristo, msamaha wa makosa ya nyuma, na hiari tuliyoumbwa nayo. Basi. Mkutano wa maaskofu wa Afrika huko Karthago mwaka 418 ulikataa, na Mtaguso wa Efeso wa 431 ukawahukumu walioshikamana na mafundisho hayo. Mtu aliyewahi kujaribu kuacha jambo lililomshika kooni anajua kwa nini walikataa. Huyo haombi mfano mzuri. Mifano anayo tele, inamzunguka kila Jumapili.

Wengi wetu, hata hivyo, hatuko kwa Pelagius. Tuko njia ya kati, na njia ya kati hapa kwetu ina mahubiri yake ya msimu. Ukifika mwezi wa kumi na moja, mawingu yakianza kudanganya upande wa mashariki, kila mimbari inahubiri kilimo: jembe ni lako, mvua ni ya Mungu. Mfano huu unaingia kwa watu wa Ugogo bila kusukumwa. Tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mwaka mzuri haupiti sana milimita 600. Mkulima wa uwele anaandaa shamba udongo ukiwa bado mkavu, wengine wanaberega tu, wanakwangua juu juu na kufukia mbegu bila kulima, wakimtegemea Mungu. Anayekaa chini ya mbuyu akisubiri mvua ndipo aamke, atavuna majani. Na anayelima kwa jasho lote, mvua ikikata Februari, naye atavuna majani.

Wahubiri wetu hawajui kwamba mfano huo una umri wa miaka karibu 1,600. Umo kwenye maandishi ya John Cassian, mtawa wa Marseille, anaposimulia mazungumzo na mzee wa jangwani Misri aitwaye Chaeremon. Mkulima hata akijitahidi vipi, asipopewa mvua hapati kitu. Na hata ng'ombe wa kulimia na nguvu za mikono ni vya kupewa. Mpaka hapo hakuna wa kubisha. Cassian aliendelea lakini. Akasema mara nyingine Mungu ndiye anayeanza, kama kwa Mathayo aliyekuwa ameketi forodhani na Paulo aliyeangushwa njiani, na mara nyingine mtu ndiye anayeanza, kama Zakayo na yule mwizi msalabani. Zakayo alipanda mkuyu mwenyewe, hakuna aliyemsukuma.

Ni maelezo mazuri na yanafanana na shuhuda tunazozisikia. Kuna mtu wa Zakayo na kuna mtu wa Paulo. Lakini swali la Augustino halimwachi Zakayo: ile hamu ya kumwona Yesu, tajiri mzima kukubali kuchekwa juu ya mti, aliitoa wapi? Andiko lililomgeuza Augustino mwenyewe, kwa maana hapo awali naye aliamini kwamba tunaanza sisi, ni swali la 1 Wakorintho 4:7: "Nawe una nini usichokipokea?" Mfano wa shamba unachechemea hapo. Mkulima yupo hai kabla ya mvua, jembe liko begani, anajua anachotaka. Waefeso 2 haituanzii na mkulima aliyechelewa kupanda. Inatuanzia na wafu. Kuna usemi mwingine, "jisaidie na Mungu atakusaidia", ambao nimeusikia ukinukuliwa kama andiko hata na watu wenye Biblia kwapani. Haumo, Mwanzo mpaka Ufunuo.

Niwaambie habari ya wajomba zangu, maana mimi mambo haya sikuyaanzia vitabuni.

Bibi mzaa mama alikaa kijijini upande wa Mvumi na alikuwa na wana wawili walevi. Jioni, mlenda ukiwa motoni, alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni na kuomba kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na mtu wa nyumba ya pili, huku mikono ikiendelea kupepeta. Sala yake kwa wanawe ilikuwa fupi na haikubadilika: "Mungu, hawa usiwaachie hiari yao. Ukiwaachia, nimewapoteza." Kisha anaingia kusonga ugali.

Mwinjilisti aliyefundishwa vizuri angemsahihisha. Mungu anaheshimu hiari, mama, Mungu hamlazimishi mtu. Andiko la Ufunuo 3:20 lingetoka haraka: nasimama mlangoni, nabisha. Bibi alilijua andiko hilo. Nadhani alijua pia kwamba kuna watu wakibishiwa mlango wanazima taa.

Mjomba mdogo aliacha pombe na kuokoka, na mpaka leo ukimwambia atoe ushuhuda unakuwa mbovu kwa kipimo cha mikutano yetu. Hakuna usiku alioinua mkono. Alikuwa anaelekea kilabuni kunywa wanzuki na wenzake, hela iko mfukoni, hana ugomvi na mtu. Akafika penye njia panda akasimama. "Miguu ilikataa," ndivyo anavyosema, na ukimbana zaidi anakasirika. Akarudi nyumbani, mke wake akadhani anaumwa. Ukimuuliza nani aliamua, anakuambia yeye hakuamua kitu.

Lakini mtazame kuanzia kesho yake. Kwenda mnadani alianza kuzungukia njia ya mbali, kwenye jua, ili asipite kilabuni. Simu za wenzake hakupokea. Aliuza redio aliyokuwa anaitumia kukusanya watu wa kunywa. Hayo aliyaamua yeye, moja moja, kwa meno yaliyokazwa, na siku nyingine karibu ashindwe. Wafilipi 2:12-13 ndiyo maelezo pekee ninayoyaona yanamtosha: utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka, "kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu." Paulo hagawi kazi nusu kwa nusu. Kutaka kote ni kwa Mungu, na ni kutaka *kwenu*. Mjomba kabla ya njia panda alikuwa na uhuru gani? Wa kuchagua kilabu cha juu au cha chini.

Mjomba mkubwa ndiye anayefanya mambo haya yasiwe mepesi. Mama mmoja, sala ileile, mwinjilisti yuleyule aliyepita nyumba zote mbili. Yeye alikuwa na akili kuliko mdogo wake na alikuwa ameokota mafundisho kidogo huku na huku, kwa hiyo akiambiwa habari ya wokovu alijibu akitabasamu: "Mungu akinitaka si atanichukua mwenyewe? Ninyi mna haraka ya nini?" Alikufa kwa ini, kiangazi, bila kusema neno lolote ambalo mtu angeweza kuliandika kwenye kadi.

Jibu lake lile linanichoma kwa sababu, neno kwa neno, linafanana na ninayoyaamini. Kweli Mungu ndiye anayevuta. Yohana 6:44 haina utata. Tofauti ni kwamba bibi aliyatumia maneno hayo kumlilia Mungu, na mjomba akayatumia kumkwepa. Hapo ndipo namwita Pelagius arudi kidogo aje atusemee wajibu.

Msibani shangazi mmoja alimuuliza bibi, bila ubaya, kama ana uhakika mwanawe yuko wapi. Bibi akamjibu kwamba mama wa yule mwizi wa msalabani naye labda hakuwepo kusikia. Hakuongeza kitu. Akina mama wakaendelea kuchambua mchele.

Kwa nini mmoja na si wote wawili? Augustino wa uzeeni alijibu moja kwa moja: wanadamu wote wamekwisha kuanguka, hakuna anayedai, Mungu akimwinua mmoja ni rehema na akimwacha mwingine ni haki. Hapo mimi namwacha mzee wetu. Alipofika 1 Timotheo 2:4, kwamba Mungu hutaka watu wote waokolewe, alilazimika kueleza kwamba "wote" ni watu wa kila aina, wafalme na raia, matajiri na maskini. Ni maelezo ya mtu anayelibana andiko liingie kwenye kabati alilokwisha kulitengeneza. Mathayo 23:37 inasema Yesu alitaka na Yerusalemu haikutaka, na uchungu ule siuoni kuwa wa maigizo. Mkutano mdogo wa maaskofu huko Orange, kusini mwa Ufaransa, mwaka 529, ulisimama mahali ninapoweza kusimama: hata mwanzo wa imani, hata ile hamu ya kwanza ya kuamini, ni kazi ya neema, na anayesema Mungu aliwapangia watu uovu, alaaniwe. Wakanyamaza. Swali la mjomba mkubwa wakaliacha wazi.

Waliojaribu kulifunga baadaye hawakupata raha. Waholanzi waligawanyika juu ya mafundisho ya Arminius, kwamba mtu anaweza kuikubali au kuikataa neema, mpaka Sinodi ya Dort, mkutano mkuu wa kanisa lao, ya 1618 na 1619. Wadominiko na Wajesuiti, mashirika mawili ya Kikatoliki, walishindana Roma kwa miaka mingi jinsi neema inavyofanya kazi bila kuua hiari, na mwaka 1607 Papa Paulo V akawarudisha makwao bila mshindi, akiwakataza kuhukumiana. Mimi naiona kuwa moja ya hukumu zenye busara katika historia ya Kanisa, na ningependa msimamizi wa kundi letu la WhatsApp aige.

Kuna mazungumzo mengine yanayotuhusu zaidi sisi watu wa kati ya nchi. Mwaka 1784 kasisi kijana, Charles Simeon, Mkalvini, yaani anayeamini kwamba Mungu ndiye anayechagua wa kuokolewa, alikutana na John Wesley, mzee wa miaka 81, aliyejulikana kuwa Mwarminiani, mfuasi wa Arminius. Simeon akasema, kwa mzaha, kwamba inabidi wachomoane visu, ila kwanza aulize maswali. Je, unajiona umeharibika kiasi kwamba usingewaza kumgeukia Mungu kama yeye asingekutia wazo hilo moyoni? Wesley akasema ndiyo. Je, ukishaokolewa na Kristo, utajiendeleza kwa matendo yako? Hapana, Kristo mwanzo hadi mwisho. Unashikiliwa na Mungu kila saa kama mtoto mikononi mwa mama yake? Kabisa. Simeon akasema basi anarudisha kisu chake, kwa kuwa Ukalvini wake wote ni huo. Mwaka 1799 Simeon alikuwa miongoni mwa walioanzisha CMS (Church Missionary Society), chama cha Waanglikana kilicholeta wamisionari Mpwapwa miaka ya 1870, na tawi lake la Australia ndilo lililobeba Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927. Injili iliyomfikia bibi ilipitia kwa watu hao.

Darasa langu la kipaimara mwaka huu lina vijana wabishi, namshukuru Mungu kwa hilo. Tulipofika Matendo 16 binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, hapa imeandikwa Bwana aliufungua moyo wa Lidia. Sasa yeye Lidia alifanya nini?" Nikamwambia asome mstari unaofuata. Akasoma: akabatizwa na nyumba yake, akawasihi Paulo na wenzake waingie kwake wakae, kisha neno la mwisho kabisa, "Akatushurutisha." Kijana wa nyuma akasema kumbe huyu mama naye hakuwaachia hiari yao, darasa zima likacheka. Tukaendelea kusoma, maana sura haijaisha: kuna mlinzi wa gereza anayekuja mbio usiku akitetemeka na kuuliza imempasa afanye nini apate kuokoka, na Paulo hamwambii asubiri kufunguliwa moyo. Anamwambia amwamini Bwana Yesu, usiku uleule. Binti akataka kujua ni yupi kati ya hao wawili aliyeokoka kwa neema. Nikawapa swali hilo wakaliandike nyumbani.